Milioni 20, mafungu manne: ugawe kwa hela, kwa hasara, au kwa ncha mbili?

Shemeji yangu kauza kiwanja chake cha Chanika, kalipa madeni, kabaki na milioni 20 mkononi. Akanipigia na swali ambalo naulizwa sana siku hizi, "sasa hii nigawanyeje?" Nikamwambia anza wewe, unafikiria vipi, akanitumia meseji ya mstari mmoja: hatifungani 40, hisa 30, ukwasi 20, kripto 10 (hatifungani ni kuikopesha serikali kwa riba, ukwasi ni hela unayoweza kuitoa haraka). Halafu chini akaongeza, "kripto nimeweka kidogo tu shem, asilimia 10".

Hiyo "kidogo tu" ndo imenifanya nikae chini niandike, maana kila mtu anagawa hivyohivyo, anakata hela kama keki na anaamini riski nayo imekatwa hivyohivyo. Wapi bana. Kwenye mgao wake ile milioni 2 ya kripto ina uwezo wa kumuumiza sawasawa na milioni 8 za hatifungani, na hapo sijatia chumvi, hesabu naileta chini.

Nalinganisha njia tatu za kugawa: kwa asilimia za hela kama alivyofanya yeye, kwa hasara unayoweza kuibeba, na ile ya ncha mbili. Lakini kabla ya njia yoyote unahitaji namba moja kwa kila fungu, yaani likipigwa vibaya kweli linaondoka na kiasi gani. Faida kila mtu anajua kuuliza, hili swali la pili ndo watu wanaliruka.

Namba za kila fungu

Ukwasi kwanza, yaani mfuko wa ukwasi kama ule wa UTT, ambako hela za watu wengi zinawekezwa pamoja, au fixed ya benki. Mimi naweka asilimia 2. Mtu atasema kwa nini sio sifuri, hela si ipo tu? Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa sababu mitaji yao ilikuwa haitoshi: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Kagera Farmers na Meru. Enzi hizo bima ya amana ilikuwa inamlipa mtu hadi milioni 1.5 tu, mwaka 2023 ikapandishwa kuwa milioni 7.5. Kwa hiyo fixed ya milioni 12 kwenye kabenki kamoja kadogo, milioni 4.5 hapo iko nje ya mwavuli. Ukigawa benki mbili au ukitumia mfuko, asilimia 2 inatosha kabisa.

Hatifungani za serikali. Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Serikali ilivyotoa ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, Aprili 2021, kuponi, yaani riba yake ya mwaka kwa kila 100, ilikuwa 15.95. Mwaka mmoja baadae za miaka 25 mpya zikaja na 12.56. Aliyekuwa na ya zamani alikuwa anatembea anapiga mluzi, kwa sababu karatasi yake inalipa kuliko mpya, kwa hiyo kwenye soko la upili, pale wenye karatasi wanapouziana wenyewe, bei yake inapanda. Sasa geuza hiyo picha. We umenunua ya 12.56 kwa bei ya 100, baadae riba za soko zinapanda pointi 3 za asilimia, nani ataichukua karatasi yako kwa 100 wakati mnadani, serikali inapouza mpya, wanalipa 15 na ushee? Nimepiga hesabu, bei inashuka hadi kama 81. Umepoteza 19 kwa kila 100 na serikali haijakosa kukulipa hata kuponi moja. Hizohizo pointi 3 kwenye ya miaka miwili yenye kuponi ya 10, bei inashuka hadi kama 95 tu. Urefu wa miaka ndo unaobeba riski, jina la serikali ni lilelile pande zote mbili.

Ila kuna "lakini" kubwa. Hiyo hasara ya 19 inampata anayeuza. Ukikaa nayo mpaka iive unalipwa 100 yako yote, na katikati kuponi inaingia kila miezi sita. Kwa hiyo namba ya hatifungani sio moja kwa watu wote. Mwenye mshahara mzuri na akiba pembeni anaweza kuandika 5. Shemeji ana duka la vifaa vya pikipiki na watoto wawili shule ya kulipia, Januari ikikaa vibaya ataenda kuuza, namfahamu. Yeye namwandikia 20.

Hisa. CRDB mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350, mwisho wa 2019 hisa hiyohiyo ilikuwa shilingi 95. Hiyo ni zaidi ya asilimia 70 imeyeyuka, kwenye benki kubwa inayoendelea kufungua matawi, sio kampuni ya mfukoni. Ikaja ikarudi, 2022 ilikuwa 380, lakini ni miaka saba hiyo bana, na wengi niliowajua waliuza wakiwa kwenye 120 na 150 wakaapa hawagusi tena hisa. Vodacom nayo 2017 watu walinunua kwa 850 na baadae ikauzwa chini ya hapo kwa miaka. Ukiwa na kampuni tatu nne nadhani 60 ni namba ya haki. Usisahau pia kwamba hapo DSE, soko la hisa la Dar, kununua kunakula kama asilimia 2 ya makato na kuuza 2 nyingine, halafu kuna kampuni unaweza kuweka oda ya kuuza na wiki zikapita hakuna mnunuzi.

Kripto. Bitcoin Novemba 2021 iligusa karibu dola 69,000, Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Hiyo ni bitcoin, mkubwa wao. Mimi mwenyewe 2021 niliingia kwenye kakoini fulani na milioni 1.2, nilivyokuja kutoka nilipata elfu 90, na nilikuwa bado nasema "itarudi". Nyie andikeni 80 kwa bitcoin, na kwa vikoini vidogo andikeni 100 mlale. Upatu wa aina yoyote, ule wa kulipwa kwa hela za wanaoingia nyuma yako, pia ni 100, wa enzi ya DECI 2009 wanajua, hata ukiwa umeletwa na mchungaji.

Njia ya kwanza: asilimia za hela

Uzuri wake ni urahisi, hata mtoto wa darasa la tano anagawa. Unajua nini kiko wapi, na kama hujawahi kuwekeza kabisa inakufanya uanze, ambayo sio kitu kidogo.

Sasa mgao wa shemeji ukiupitisha kwenye zile namba: hatifungani milioni 8 mara 20 ni milioni 1.6. Hisa milioni 6 mara 60 ni 3.6. Kripto milioni 2 mara 80 ni 1.6, mnaona, sawa kabisa na hatifungani ambazo hela yake ni mara nne. Ukwasi milioni 4 mara 2 ni elfu 80. Jumla milioni 6.88. Yaani mtu anayejiona kajipanga kiusalama, kwa sababu "asilimia 60 iko serikalini na kwenye ukwasi", anaweza kuamka siku moja theluthi ya hela haipo. Na zaidi ya nusu ya hilo pigo inatoka kwenye hisa peke yake.

Hata wazungu hili liliwachukua muda. Ule mgao wao maarufu wa hisa 60 na bondi (hatifungani) 40, ukipima kuyumba badala ya hela, hisa zinabeba kama asilimia 90 ya riski yote, bondi zipo tu zinasindikiza. Ndo maana Bridgewater, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, 1996 walianzisha ule mfuko wao wa All Weather, kugawa riski badala ya kugawa dola.

Njia ya pili: unagawa hasara

Hapa unaanza kwa mwisho. Unajiuliza ni shilingi ngapi, kwa shilingi, sio kwa asilimia, zikiondoka mwaka huu bado nitalipa kodi, ada, na sitaenda kukopa kausha damu. Hiyo namba ndo mtaji wako wa riski. Ile milioni 20 ni hela tu, mtaji wa riski ni hiki kipande ambacho uko radhi kikaumia. Kisha hicho kipande ndo unakigawa kwenye mafungu, halafu unarudi nyuma kwa kugawanya na namba ya kila fungu kupata hela ya kuweka.

Shemeji nilimbana akasema milioni 3. Basi tukampa hisa haki ya kupoteza milioni 1.5, gawanya kwa 0.6, unapata milioni 2.5 za kununulia. Hatifungani haki ya kupoteza laki 9, gawanya kwa 0.2, milioni 4.5. Kripto tukaipa laki 3 na elfu 20, gawanya kwa 0.8, ni laki 4. Inayobaki, milioni 12.6, yote ukwasi, nayo ina kahasara kake ka elfu 252. Jumla milioni 2.97, tuko ndani.

Benki zenyewe zinafanya hivi kila siku, kwa kulazimishwa. Mkopo wa kawaida na hatifungani ya serikali vinaweza kuwa na thamani ileile kwenye vitabu lakini mtaji wa kuvishikilia sio sawa, hatifungani ya serikali ya shilingi inahesabiwa kama haina riski ya kutolipwa, mkopo wa mfanyabiashara unahesabiwa wote. Na kwa hapa kwetu mtaji mzima lazima ufike angalau asilimia 12 ya mali zilizopimwa kwa riski. Zile benki tano za 2018 zilikwama kwenye mtaji.

Ubaya wake? Kwanza namba zako ni za kubahatisha, mimi nimesema 60, wewe unaweza kusema 50, na mgao wote unahama. Pili unakosa mavuno. Kwenye mgao wake wa kwanza, hatifungani za milioni 8 kwa 12.56 zingemletea kama milioni moja na elfu 5 kwa mwaka, kwenye huu wa pili ni kama laki 5 na elfu 65. Ukwasi utafidia sehemu ya pengo, hautafidia lote.

Na kuna mtego ndani yake, wa kugawa hasara sawasawa. Mtu akisikia "gawa riski" anachukua laki 9 kwa kila fungu anajiona fundi. Fanya hesabu uone: hatifungani milioni 4.5, hisa milioni 1.5, kripto milioni 1.125. Kripto imekaribia hisa! Usawa hauna akili, haujui kwamba hisa inalipa gawio na kripto hailipi kitu. Haki ya kupoteza hela yako wape wale wanaoweza kukulipa kwa hiyo haki.

Njia ya tatu: ncha mbili

Hii ni ya mtu asiyetaka stori. Sehemu kubwa kabisa inakaa sehemu tulivu, kipande kidogo kinaenda kwenye mambo makali, katikati pako wazi. Kwa milioni 20, unaweka 18 ukwasi na hatifungani fupi, na 2 kwenye hisa na kripto, na hizo 2 unazihesabu zimeshakufa siku unayoziweka. Hakuna kukisia 60 au 80, ni 100.

Mimi naipenda kwa mtu mwenye biashara, kwa sababu biashara yake tayari ni riski kubwa kuliko chochote kilichoko DSE, haitaji nyingine katikati. Kwa mfanyakazi kijana wa miaka 27 mwenye mshahara unaoingia kila tarehe 25, hapana, anajinyima. Kukosa hatifungani ndefu kwa miaka 20 sio jambo dogo kwa mtu ambaye hana haraka nayo.

Zote tatu zikikaa pamoja (milioni):

| Fungu | Kwa hela | Kwa hasara | Ncha mbili |
|---|---|---|---|
| Ukwasi | 4 | 12.6 | 12 |
| Hatifungani | 8 (miaka 25) | 4.5 (miaka 25) | 6 (miaka 2) |
| Hisa | 6 | 2.5 | 1.2 |
| Kripto | 2 | 0.4 | 0.8 |
| Siku mbaya unapoteza | 6.88 | 2.97 | 2.54 |

Hiyo 2.54 imetoka hapa: milioni 2 zote zimekwenda, hatifungani fupi zimeshuka 5 kwa 100 yaani laki 3, na ukwasi elfu 240.

Vitu ambavyo jedwali halioni

Nimejumlisha kana kwamba kila fungu linaanguka siku moja. Kuna atakayesema hiyo ni woga, mafungu tofauti hayaanguki pamoja, ndo maana ya kutawanya. Kweli, mara nyingi. Ila 2022 kule Marekani hisa za S&P 500 (kampuni kubwa 500 za huko) zilishuka kama 18 kwenye mia na bondi zao nazo zikashuka kama 13 mwaka huohuo, na wale waliokuwa wamegawa riski kitaalamu ndo waliumia zaidi kwa sababu walikuwa wameshiba bondi. Mimi najumlisha zote. Zisipoanguka pamoja, nashukuru.

Na hapa kwetu kuna hili ambalo sioni watu wakilisema. Mtu ana hisa za CRDB na NMB, ana hatifungani za serikali, na fixed kaweka kwenye moja ya benki hizohizo. Anahesabu mafungu matatu. Lakini hizo benki zenyewe zimejaza hatifungani za serikali kwenye vitabu vyao, kwa hiyo ukiangalia vizuri ana fungu moja lililovaa mashati matatu. Ongeza akiwa mwajiriwa wa serikali, la nne ni mshahara. Hapo ukitaka kutawanya kweli tafuta hisa ya kiwanda, saruji au bia, hata kama benki ndo zinapanda.

Kiwanja. Najua mtauliza. Kiwanja kina namba mbili, ya bei na ya muda. Bei yaweza isishuke kabisa, lakini shemeji huyuhuyu kauza cha Chanika baada ya kutafuta mteja miezi kumi na moja, na mwisho kashusha kwa sababu aliyekuwa anamdai alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni. Kama una kiwanja, kihesabu kwamba hakipo siku ya shida.

Halafu mgao hauendi kukaa ulivyouacha. Aliyenunua NMB 2008 kwa 600 na akaisahau, 2023 ilikuwa imevuka 4,000, hongera zake, ila fungu lake la hisa limeshakuwa jitu na hasara inayoweza kutoka humo sio ile aliyokubali 2008. Milioni 2.5 ya shemeji ikifika 5, hisa peke yake zinaweza kuondoka na milioni 3, bajeti nzima. Mara moja kwa mwaka unapitia zile hesabu, fungu lililovimba unalipunguza. Kila mwezi usifanye, makato yatakula.

Sasa wewe ni yupi

Kama unaanza na laki 5, acha hesabu zote hizi, weka kwenye mfuko, endelea kuongeza kila mwezi, hiyo njia ya kwanza inakutosha. Ikishafika hela ambayo ikipungua theluthi utakosa usingizi, hamia ya pili. Una biashara inayopanda na kushuka, nenda ya tatu. Na kama hela yenyewe umekopa, hakuna fungu hapo, rudisha tu.

Shemeji alichagua ya pili. Jumapili nikaenda kwao na zile hesabu kwenye karatasi, tukamaliza kula, dada yangu akaichukua akasoma mstari wa juu ule ulioandikwa "hasara tunayoweza: 3,000,000". Akauliza, "hii tunayoweza, nani kasema?" Mumewe akacheka. Akasema milioni 3 ni ada ya watoto wote wawili na sare juu, akachukua kalamu akaikata 3 akaandika 2.

Ikabidi tupige upya palepale mezani. Hisa zikashuka hadi milioni 1.5, hatifungani milioni 4, ukwasi ukapanda hadi 14.5, jumla ya hasara milioni 1.99. Kwenye kripto ilibaki nafasi ya shilingi elfu 10. Shemeji akaiangalia ile elfu 10 muda mrefu, akaniuliza kama mtandaoni wanakubali kuanza na hiyo.